Siku ya Ishirini na Mbili

Bandarini Moba siku ya ishirini na mbili ilikuwa haifiki. Mtu alibeba magunia siku ishirini, siku ishirini na moja, kisha asubuhi moja karani wa mizigo akafungua daftari, akateremsha kidole kwenye majina, akasema, "Wewe pumzika kwanza. Utarudi mwezi ujao." Mtu akapanda mlima kurudi Kirungu akidhani kazi imepungua. Kazi ilikuwepo. Boti zilishusha chumvi ya Kigoma na sukari ya Mpulungu, na mahindi ya Marungu yalikuwa yamelundikwa hadi mlangoni yakingoja kwenda Kalemie. Siku ileile aliyopumzishwa yeye, mdogo wake aliitwa kushika nafasi.

Siri ilikuwa katika kifungu cha 40 cha Kanuni ya Kazi ya Kongo, yaani sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kibarua wa siku kwa siku akishafanya siku 22 katika muda wa miezi miwili, akaitwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inamhesabu kuwa ameajiriwa kwa mkataba usio na kikomo. Hapo anakuwa mtu wa likizo, mtu wa matibabu, mtu wa kupewa notisi kabla ya kuachishwa. Kwa hiyo patroni mwenye akili alihesabu siku za watu kwa makini kuliko magunia yake. Nazungumzia miaka ya baada ya vita, kuanzia 2004 hivi, nilipokuwa nikiwaandikia watu wa bandari barua zao.

Sikuwa mwanasheria, wala sikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Nilikuwa mwandishi wa mashine. Masista walinifundisha kupiga mashine nikiwa msichana, na kwetu Kirungu hilo halikumshangaza mtu. Mapadri Weupe walifungua misheni hapa mwaka 1893, mji ukaitwa Baudouinville, na ni hapa Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa zama hizi. Watu wa bandari, kilomita chache chini yetu ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, walituhesabu sisi wa juu kuwa watu wa karatasi. Mwenye shauri la karatasi alipanda. Nami nilikuwa na fotokopi ya Kanuni ya Kazi, ambayo kijana mmoja wa ukoo wetu aliyesomea Lubumbashi aliniachia. Iko yote kwa Kifaransa. Nilisoma kwa macho, nikasema kwa Kiswahili.

Walikuja jioni, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi. Barua waliiita mukanda.

"Mama, tuandikie mukanda kwa patroni."

"Niandike nini?"

"Kwamba sisi ni watu wake."

Swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo kila mara: ulifanya kazi siku gani? Hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Mtu anakumbuka uzito wa mzigo, anakumbuka boti iliyofika usiku wa manane na nani aliteleza akatumbukia majini, lakini tarehe hapana. Daftari la karani lilikuwa na tarehe zote, ila majina yake yalikuwa yamechezewa. Mtu mwenye nguvu, ambaye patroni hakutaka kumpoteza hata kwa juma moja, hakupumzishwa, alibadilishwa jina. Petro wa mwezi wa tatu aligeuka Pierre mwezi wa nne, na mwezi wa tano akaandikwa kwa jina la marehemu baba yake. Mgongo mmoja, majina matatu, na hakuna hata jina moja lililofikisha siku 22. Kampuni iliyofanya hivyo siitaji. Wenyewe wapo, na mimi kesi za watu wengine zilinitosha.

Lakini sheria ile, walioiandika walikuwa wanaijua nchi. Inataka mkataba uandikwe, na usipoandikwa inamchukulia mfanyakazi kuwa wa mkataba usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tena inamruhusu mfanyakazi kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote. Njia yoyote. Basi kalenda ya parokia, ile yenye majina ya watakatifu, ikawa ushahidi wetu. Kila mtu alitia alama siku aliyobeba, akaandika boti gani, nani alitembea mbele yake juu ya ubao wa kupandia na nani nyuma. Wa mbele na wa nyuma ndio mashahidi. Asiyejua kuandika alitumia mtoto wake. Kalenda zikawa hazishikiki kwa uchafu na jasho, lakini ukiziweka mbili au tatu pamoja zilisema kitu kimoja.

Karani alipoziona alicheka. Patroni hakucheka. Haukupita muda mrefu malipo ya siku yakafutwa pale bandarini, yakaja malipo kwa gunia, tena si kwa mkono wa kampuni. Kampuni ilimlipa kapita mmoja, kapita akaleta watu wake. Ukienda kudai unaambiwa, "Mimi sina wafanyakazi, kamuulize kapita." Na kapita ni nani? Ni shemeji yako, au aliyesimama ubatizo wa mtoto wako. Nani atampeleka shemeji yake kwa inspekta? Hapo tulishindwa, na tulishindwa bila mtu kuvunja sheria waziwazi.

Vijana, niseme kweli, wengi waliupenda mpango huo mpya. Siku ya boti tatu kijana wa miaka ishirini alipata kwa magunia pesa ambazo mshahara wa siku haukumpa kamwe. Mwaka 2008 serikali ilipotoa amri namba 08/040 ya tarehe 30 Aprili kuweka kima cha chini kuwa faranga 1,680 kwa siku, sawa na dola tatu za wakati ule, nilipowasomea walicheka. "Hizo ni pesa za asubuhi tu, mama." Siku zisizo na boti hawakuzihesabu. Wenye miaka arobaini na kitu, ambao mgongo ulikuwa umeanza kudai haki yake, hawakucheka. Hao ndio walioniuliza kuhusu mgomo. Niliwaambia Katiba ya 2006 inautambua mgomo katika kifungu cha 39, na Kanuni ya Kazi inataka kwanza njia za usuluhishi ziishe. Mmoja akanijibu kwamba kwa mtu wa gunia kugoma ni kumwachia mwenzake gunia. Hakuna kifungu nilichokuwa nacho cha kumjibu.

Wazee wa Kirungu hawakuyapenda mambo haya ya kuandikaandika, na nilijua chanzo. Karatasi za kazi walizozijua wao zilikuwa za aina nyingine. Amri ya Wabelgiji ya tarehe 16 Machi 1922 ilimfanya mtu aliyeacha kazi kabla mkataba haujaisha kuwa mkosaji wa kufungwa jela, si mdaiwa. Babu yangu alifanya kazi bandarini Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, pale reli ya kutoka Kabalo ilipofikia ziwa mwaka 1915. Alikuwa na kitabu cha kazi, na aliyekutwa njiani bila kitabu chake alikuwa mtoro. Alikitunza hadi kufa, kimefungwa kitambaani, wala si kwa kukipenda. Habari za mgomo aliziongea kwa sauti ya chini, maana walikuwa wamesikia yaliyowapata watu wa Union Minière huko Lubumbashi Desemba 1941: walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wakidai nyongeza, wakapigwa risasi na askari. Mwaka 1946 Waafrika waliruhusiwa kuwa na vyama vyao vya wafanyakazi, lakini kwa babu ruhusa hiyo ilichelewa.

Baba yeye alikuwa mtu wa enzi nyingine. Mwaka 1967 Mobutu aliunganisha vyama vikubwa vitatu vya wafanyakazi kuwa kimoja, ambacho baadaye kiliitwa UNTZa, na mwaka huohuo, tarehe 9 Agosti, ikatoka Kanuni ya Kazi iliyodumu hadi hii ya 2002. Baba aliandamana kila Mei Mosi. Aliujua wimbo wote wa kuandamana, na hakujua kifungu hata kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1990 alikuwa amestaafu, na zaire za pensheni yake hazikununua hata sabuni.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa ya watu wa magunia. Ilikuwa ya mlinzi.

Tulimwita Mzee Funguo, kwa sababu alizivaa funguo za depo shingoni kwa kamba, hata kanisani. Depo yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mizigo. Mzee alikuwa ameilinda muda mrefu; Novemba 1984 waasi walipouteka mji wa Moba kwa siku chache, alikuwa mlangoni pake. Vita vya 1998 vilipoanza na vikaonekana vitatufikia, patroni alipakia alivyoweza kwenye boti, akamwita.

"Mzee, nyumba hii naiacha mikononi mwako. Nitarudi."

"Nenda salama, bwana."

Watu wa Moba walikimbilia Zambia kwa maelfu, wengine ng'ambo ya ziwa Tanzania. Mzee Funguo hakukimbia. Mkewe alikimbia na wajukuu, yeye akabaki na mapipa, mifuko ya saruji, mabati na mizani. Askari walikuja, wakaondoka, wakaja wengine wenye nguo nyingine. Kila kundi lilichukua kitu. Na hapa ndipo mzee alipofanya jambo ambalo hadi leo nikilifikiria nashindwa kulipima: kila walipochukua, aliwaomba risiti.

Nilimuuliza, "Baba, uliwaambia nini watu wale wenye bunduki?"

"Niliwaambia bwana wangu akirudi ataniuliza. Niliwaambia, mnataka mimi niitwe mwizi?"

Wengine walimpiga. Wengine walicheka, wakaandika. Waliandika kwenye kurasa za daftari la shule, kwenye karatasi za pakiti za sigara, moja nyuma ya picha ya mtu. Imechukuliwa kwa mlinzi, pipa mbili za mazuti, tarehe fulani, sahihi. Imechukuliwa kwa mlinzi, mabati kumi na manane. Nyingine ina muhuri wa mviringo, wino wa zambarau umesambaa. Zote alizitia katika kopo la maziwa ya unga, kopo akalifukia.

Patroni alirudi 2004. Alikuta paa, milango, mizani na sehemu ya mabati. Alimshukuru mzee mbele ya watu, akampa baiskeli, akaanza kumlipa mshahara tangu mwezi ule wa kurudi. Kuhusu miaka ya vita alisema neno moja: tutaongea.

Mzee alipanda kwangu mwaka 2007.

"Mama, sitaki ugomvi. Nataka tu umkumbushe."

"Alisema mtaongea lini?"

"Alipotoka ng'ambo."

"Na wewe, baba, hukumwambia kitu tangu siku hiyo?"

"Ningesema nini? Mtu mzima amekwambia tutaongea. Unamfuata kila siku kama mtoto?"

Ilinibidi nimsomee kifungu ambacho nilikuwa nimewasomea wengine bila kuona ubaya wake. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu, lakini dai la mshahara hufa baada ya mwaka mmoja tu tangu siku ulipopaswa kulipwa. Vitu vichache tu vinasimamisha hesabu hiyo: kumshtaki mwajiri mahakamani, kumdai kwa barua ya rejesta yenye uthibitisho wa kupokelewa, kupeleka lalamiko kwa inspekta wa kazi, au mwajiri na mfanyakazi kuandikiana hesabu inayotaja deni lililobaki. Miaka yote ya vita ya Mzee Funguo ilikuwa imekufa moja baada ya nyingine, ya mwisho ikafa wakati yeye anangoja kwa adabu kuitwa kwenye maongezi.

Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo sheria ilitaka nimshtaki bwana wakati yuko ukimbizini?"

Barua ya rejesta! Posta gani? Inspekta gani, ziwa likiwa limefungwa na bunduki pande zote? Nimesikia hoja za waliosoma, kwamba madai yakiachwa yazeeke ushahidi hupotea na biashara haziwezi kuishi na hofu isiyo na mwisho. Sawa. Ila muda wa mwaka mmoja umetungwa kwa ajili ya mtu mwenye posta mtaani na ofisi ya inspekta mwendo wa mguu. Kwa sisi wa Kirungu, inspekta alikuwa Kalemie, zaidi ya kilomita mia moja ziwani, na nauli ya boti ilikula sehemu nzuri ya mshahara uliokwenda kuudai. Tena sheria inamtaka mfanyakazi apite huko: kifungu cha 298 kinasema mahakama haipokei mgogoro wa kazi ambao haujapitia kwanza usuluhishi wa inspekta.

Tulikwenda hivyohivyo. Mzee alitaka kwenda, nami nilitaka kujua kama kuna mlango ambao sikuuona kwenye fotokopi yangu. Tulisafiri usiku juu ya mahindi, mbuzi wamefungwa miguuni petu, kusi likivuma hivi kwamba mabaharia wenyewe waliacha kuimba. Mzee alikumbatia lile kopo usiku kucha. Kulipopambazuka na majengo ya Kalemie yakaonekana, alijipangusa uso, akavua funguo shingoni, akazitia mfukoni. Mbele ya serikali, alisema, mtu haendi amevaa funguo za mtu mwingine.

Inspekta alikuwa mtu mtulivu. Alimwita patroni kwa barua, na patroni akaja mwenyewe, jambo ambalo sikulitarajia. Alimsalimia mzee kwa mikono miwili. Kisha akasema hoja zake mbili, na alizisema vizuri. Ya kwanza: vita ni nguvu isiyozuilika, na sheria inasema nguvu hiyo ikimzuia mtu kutimiza mkataba, mkataba unasimama; na ukisimama, hakuna kazi wala mshahara. Ya pili: hata kama mshahara ulikuwepo, umekwisha kufa kwa kupitwa na muda.

Kwa hoja ya kwanza mzee alifungua kopo. Alizipanga zile risiti mezani moja baada ya nyingine kama karata, kwa mfuatano wa tarehe, maana alizijua zote kwa sura. Imechukuliwa kwa mlinzi. Imechukuliwa kwa mlinzi. Mwaka 1999, mwaka 2000, mwaka 2002. Inspekta alizisoma zote, hakuharakisha. Akamwambia patroni, "Vita vilikuzuia wewe. Huyu havikumzuia. Wenye vita wenyewe wameandika kwamba walimkuta kazini." Tangu siku hiyo sijaona ushahidi wa mahudhurio uliopita huo, na uliandikwa na waporaji.

Kwa hoja ya pili inspekta alifungua Kanuni yake, akasoma, akafunga. Alisema wazi kwamba patroni ana haki. Karani wa kampuni alikuwa ameandika mwaka 2004, chini ya orodha ya mali iliyosalia, kwamba madai ya mlinzi yataangaliwa. Nilikuwa nimeitegemea sana karatasi hiyo, lakini haikutaja kiasi, na hesabu isiyotaja salio si hesabu. Kwenda mahakamani? Mahakama za kazi zilizoundwa na sheria ya 2002 zilikuwa bado kwenye karatasi huku kwetu. Kesi ingekwenda Mahakama Kuu ya Kalemie, na wakili, na ada, na boti, ili mzee asomewe kifungu kilekile.

Nilikuwa nimeanza kukunja karatasi zangu. Patroni alikuwa ameshika risiti mojawapo, ile yenye muhuri wa zambarau, anaigeuza. Akauliza, "Mzee, ziko zote?"

"Zote, bwana."

Ndipo tukaelewa. Patroni alikuwa anatengeneza faili la hasara zake za vita, na hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kilichochukuliwa, lini, na nani. Hapa mezani vilikuwepo vyote, vimetiwa sahihi. Mzee Funguo aliona furaha usoni mwa bwana wake, naye akafurahi. Akaanza kuzikusanya ampe. "Ni zako, bwana. Nilikuwekea wewe."

Nikaweka mkono juu ya kopo.

Sikusema kitu. Inspekta naye hakusema kitu, aliangalia dirishani kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akasema kwamba usuluhishi ni makubaliano, na watu wanaweza kukubaliana hata juu ya lile ambalo sheria haiwalazimishi. Tulibishana hadi saa za mchana. Mwishoni patroni alikubali mishahara ya miezi kumi na minne, kwa awamu nne, dhidi ya miaka yote ile. Ikaandikwa hati ya usuluhishi, wakatia sahihi. Mzee aliona haya njia nzima ya kurudi. Alisema nimemuuzia bwana wake kitu ambacho kilikuwa chake. Nilimwambia mapipa yalikuwa ya bwana, risiti zilikuwa za yule aliyepigwa kwa ajili yake. Hakukubali, na hatukulizungumza tena.

Risiti zenyewe nilizipiga fotokopi kabla ya kuzitoa. Umeme ulikuwa umekatika, tukangoja jenereta ya kibanda kimoja hadi jua kushuka. Awamu zililipwa, ya mwisho kwa kuchelewa. Siku hiyo karani alileta karatasi ya kusema mzee amepokea yote na hana dai lingine. Mzee alitia sahihi bila kusoma, mimi nikamwambia karani, kwa upole, kwamba sheria haimhesabu mfanyakazi kuwa amesamehe deni kwa kutia sahihi tu. Akaniuliza kama bado tuna dai. Nilimjibu kwamba swali hilo amuulize mzee. Mzee alikuwa amekwisha kwenda kufungua mlango wa depo.

Kilichobaki kwangu kutokana na safari ile ni karatasi ndogo. Niliipiga kwa mashine, nafasi nne za kujaza: jina la mfanyakazi, jina la mwajiri, miezi isiyolipwa, salio kwa tarehe ya leo. Chini, sahihi mbili. Kila mwaka kabla ya Noeli watu wa kazi wa Moba na Kirungu, walinzi, wachunga ng'ombe wa kule juu Pepa, wapishi, madereva, walikuja kuchukua hizo karatasi na kuwapelekea mabwana zao. Niliogopa mabwana wangekataa. Hawakukataa. Mtu ambaye hataki kulipa mara nyingi yuko tayari kabisa kuandika kwamba atalipa. Haimgharimu kitu siku hiyo, na inamwondolea mfanyakazi mlangoni wakati wa sikukuu. Walitia sahihi huku wakitania. Wachache walitia na muhuri. Na kila sahihi iliuanzisha upya ule mwaka mmoja.

Sikufaulu kuwapatia watu wa magunia kitu kama hicho, kwa sababu kapita hana muhuri na gunia halina mwezi. Wao wanakuja hadi leo kwa mambo mengine. Juzi kijana mmoja alinionyesha simu yake: kapita alikuwa amemwandikia ujumbe, deni lako ni magunia themanini, nitakupa nikilipwa. Aliuliza kama hiyo nayo ni karatasi. Nilimwambia akatafute mtu wa kuitoa kwenye mashine ya kuchapa, yenye tarehe na namba ya simu ya aliyeituma, na aende Kalemie nayo kabla ya Machi.